Kumjalidia Wifi Kitabu

Katika karakana ya Bi Gundi, nyuma ya ofisi za mawakili, kuna meza moja ndefu na stuli mbili. Stuli moja ni yake. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake, na mpaka leo mteja akitaka kuikalia huambiwa, kwa upole lakini bila mzaha, "Hiyo ina mguu mbovu, keti huku." Haina mguu mbovu. Niliijaribu siku moja alipotoka kuchota maji.

Namfahamu kwa sababu ya kazi. Mimi hufundisha chuoni, na kila mwaka nampelekea ripoti za wanafunzi azijalidi. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, msemaji anapotaka. Vidole vyake vina utando wa gundi iliyokauka, ambao huubandua taratibu anapofikiri, kama mtu anayemenya yai. Jina hilo alipewa na wateja, akalizoea hata bango la mlangoni akaliandika hivyo.

Mdogo wake huyo, wa kiume, alimlea yeye mwenyewe tangu hajui kufunga kamba za viatu. Humwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki, Bi Gundi alikuwa msichana tu. Posa mbili zilikuja, zote akazikataa. "Walitaka mke," aliniambia. "Mke na mtoto wa kiume juu yake hawakutaka." Kitinda alipokua akamfundisha kazi, wakakaa meza moja miaka mingi, dada akishona, mdogo akikata kingo. Nakumbuka nilivyokuwa nikiwakuta wamenyamaza wote wawili, mmoja akinyoosha mkono na mwingine akimpa mkasi kabla hajaombwa.

Halafu akaja mwanamke mmoja na kitabu cha mafunzo ya urubani kilichoachana kurasa. "Nilimkaribisha mwenyewe, Mwalimu," Bi Gundi husema, na kila anapolisema hilo sauti yake hushuka. "Mteja wangu! Nikamwambia keti." Akakaa, na hakuondoka peke yake.

Baada ya harusi na mtoto ikabidi mtu mmoja abaki nyumbani, kwa kuwa kazi ya rubani haina saa. Leo kaondoka alfajiri, kesho kalala mji mwingine. Aliyebaki ni Kitinda. Bi Gundi alikwenda kuwatembelea akamkuta anapiga pasi mashati ya mkewe. "Ile mistari ya mabegani," aliniambia, "anaipapasa kama kichwa cha mtoto mchanga." Akabandua gundi kidoleni, kipande kikubwa, akakitupa.

Basi Ijumaa moja Kitinda akaingia karakanani na rundo la karatasi kwapani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Usianze, Dada. Nimekuletea kazi."

"Ya nani?"

"Ya wifi yako."

Akaeleza. Rubani ameitwa kwenye usaili Jumanne, shirika kubwa, la nje ya nchi. Kila safari aliyowahi kurusha imeandikwa ndani ya tableti yake, lakini wasaili hawataki kupewa tableti. Wanataka kitabu cha kushikwa mkononi, kila ukurasa wenye hesabu ya saa una sahihi yake, kimejalidiwa kwa jalada gumu na herufi za dhahabu.

"Akipata?"

"Akipata tunahama."

"Mnahama nani na nani?"

"Sote, Dada. Mimi, yeye na mtoto." Akatazama chini. "Lakini si mbali. Kwa ndege ni saa chache tu."

"Kwa ndege hakuna mbali. Mbali ni kwetu sisi waenda kwa miguu."

Kitinda akajitia hamnazo. Aliweka rundo mezani, na juu yake flashi yenye faili, ili dada apate maandishi ya jalada. "Nimeiprinti mwenyewe, pande mbili, safi kabisa. Na nyuma ya ukurasa wa jina nimemtilia kitu. Hajui. Ataona akifungua."

Alipoondoka, Bi Gundi aligeuza karatasi ya kwanza. Ilikuwa picha ya rangi: wifi yake amesimama chini ya bawa la ndege, kofia kwapani, anacheka meno yote nje.

Akageuza ya pili na ya tatu, na mkono ukamsimama.

Kitabu cha safari cha rubani si kama kitabu cha hadithi. Mstari mmoja hukaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto kuna tarehe, ndege, ilikotoka na ilikokwenda. Kulia, mstari huohuo unaendelea na saa za angani na kutua. Jicho linaanza huku linamalizia kule. Ukurasa wa jina ukikaa peke yake kulia, kama inavyotakiwa, kila kitu kinafuata mahali pake. Lakini Kitinda alikuwa ameingiza ukurasa mmoja wa picha, na ukurasa huo mmoja umesukuma zote zilizo nyuma yake. Sasa nusu ya mstari iko mbele ya karatasi na nusu yake iko mgongoni mwa karatasi hiyohiyo. Zikijalidiwa hivyo, safari ya mwezi huu itatazamana na saa za mwezi mwingine, kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho. Katika karatasi zisizoshonwa huwezi kuliona kosa hilo, mpaka uwe mjalidi.

Na Kitinda ni mjalidi. Ndilo somo la kwanza alilopewa kwenye stuli ile: ukurasa hauongezwi peke yake, uongeze na mwenzake.

Kosa lenyewe halikumuuma Bi Gundi kama sababu yake. "Aliiangalia ile picha," aliniambia, "akasahau yote niliyomfunza. Miaka yote aliyofanya kazi na mimi hajakosea hata ukurasa mmoja. Kwa ajili yangu hajawahi kukosea, Mwalimu."

Akaamua kunyamaza. Mteja kaleta karatasi zake mwenyewe, kazi ya mjalidi ni kushona. Wasaili watafungua, hawataelewa kitu, watamwona mwanamke asiyejua kupanga hata kitabu chake, na yeye atarudi nyumbani. Hakuna kuhama. Hilo ndilo alilokuwa nalo moyoni nilipofika Jumamosi asubuhi kuchukua ripoti zangu.

Sahihi hutiwa kabla ya kushona, kwa hiyo Rubani naye alikuja asubuhi hiyo. Karatasi yenye picha ilikuwa imeshafichwa. Aliingia kwa haraka, akasalimia, na kabla mtu hajasema lolote akavuta ile stuli ya pili.

"Wifi, hiyo ina mguu—"

"Haina kitu. Mume wangu ameniambia ni yake." Akacheka, akakaa, akatoa kalamu.

Bi Gundi alinitazama mimi, kana kwamba nimemwambia mimi.

Rubani alitia sahihi huku anaongea. "Wifi, hivi huyu ndugu yako ulimlisha nini? Mimi nikipika, anaonja, anasema, 'Dada huacha ichemke kidogo.' Nikifua, 'Dada huanika kivulini.' Siku moja nitakuja nimwoe huyo Dada mwenyewe, nipumzike!"

Niliona pembe ya mdomo wa Bi Gundi ikitikisika. Ilikuwa raha, tena si raha ya mtu mwema. "Kama amekushinda, mrudishe."

"Thubutu! Nimeshamzoea." Akageuza karatasi. "Ila nina hofu, wifi. Watu wenyewe wanachukua wawili tu."

"Rubani naye huogopa?"

"Huko juu siogopi. Naogopa viti vya ofisi." Akatia sahihi nyingine, akacheka tena. "Lakini nikikosa najua pa kumshika. Mimi nilitaka tupeleke kwa watu wenye mashine kubwa. Akakataa. 'Mimi ni mtoto wa karakana,' anasema. 'Dada kanifunza, sikosei.' Haya! Akinikosea hapo, halali ndani."

Ni utani wa mke, nami nilicheka. Bi Gundi hakucheka. Aliacha kubandua gundi kidoleni.

Rubani alipokwenda zake, Bi Gundi alibaki amesimama, mikono juu ya rundo lile. Baadaye sana aliniambia alichokiona pale. Aliona mlango ukifunguliwa na Kitinda akiingia na mfuko wa nguo, macho chini, akiketi kwenye stuli yake bila neno. Ndivyo alivyotaka arudi, siku zote. Lakini yule aliyemwona alikuwa amechekwa na mkewe kwa jambo ambalo alijivunia kwa jina la dada yake.

"Ningempata," alisema. "Ningempata amevunjika."

Mchana ule akafungua faili kwenye kompyuta yake, akautoa ukurasa wa picha, akachapa kitabu chote upya. Lilibaki suala la sahihi, na hapo hapakuwa na njia ila uongo. Jumapili akampigia wifi yake simu. "Njoo tena. Gundi imenimwagikia juu ya karatasi zako."

Rubani alifika bila kucheka. Mazungumzo hayo sikuyasikia, lakini Bi Gundi ameyarudia kwangu mara nyingi, neno kwa neno, kwa sauti zote mbili.

"Wifi, miaka yote hii unashika gundi, imekuja kumwagika juu ya zangu?"

"Ni mkono tu, wifi. Umri."

"Jana mkono ulikuwa mzima. Kama hupendi tuondoke, sema tu. Usinichezee na kazi yangu."

Bi Gundi alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa hapo hapo mezani, chini ya karatasi ya kahawia: lile rundo la kwanza, kavu, na kosa la mumewe ndani yake. Angelitoa, mshindi angekuwa yeye. Badala yake akasogeza kalamu. "Tia sahihi, wifi. Siku zinakwenda."

Rubani alitia sahihi zote upya, akikandamiza kalamu mpaka alama zikatokea upande wa pili wa karatasi.

Jumatatu Kitinda alikuja kuchukua kitabu. Jalada la buluu iliyoiva, jina la mkewe kwa dhahabu, mgongo umenyooka. Akafunua aione picha yake. Haipo. Akatazama kurasa mbili za kwanza, akapitisha kidole kwenye mstari, kushoto mpaka kulia, akasimama hivyo hivyo kidole kikiwa kwenye karatasi.

"Dada."

"Nini?"

"Ukurasa hauongezwi peke yake."

"Kumbe wajua."

"Na ile gundi iliyomwagika?"

"Gundi gani? Chukua kitabu, mkeo anakungoja."

"Amekusema vibaya, Dada. Amekusema nyumbani mpaka nikatoka nje. Nimwambie?"

"Mwambie uone. Nitakuchapa na ndevu zako hizo."

Kitinda akacheka, macho yamemjaa. Kisha, mlangoni, akauliza kuhusu picha.

"Imelowa," dada yake akasema.

Haikulowa. Mimi nilimwuliza kwa nini hakuongeza tu ukurasa mtupu kando ya picha, kurasa zingekaa sawa na picha ingebaki mahali pake. "Ningeweza," alisema, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Rubani alipata kazi. Kitinda alikuja kuaga, na Bi Gundi akamuuliza jambo moja tu: wasaili walisemaje juu ya kitabu?

"Hawakusema kitu. Anasema mmoja alikifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, huku mpaka kule, akakifunga."

"Mstari mmoja?"

"Mmoja tu, Dada."

Sasa wamehama. Hupiga simu, na Rubani naye husalimia, salamu fupi za adabu, za mtu ambaye bado anaikumbuka gundi. Bi Gundi hujibu kwa adabu hiyohiyo. Akishakata simu hunisimulia kwamba Kitinda amenenepa na kwamba huko anapika yeye, "kama nilivyomfunza, lakini anayekula ni mwingine."

Karatasi zilizoharibika hakuzitupa. Mjalidi hatupi karatasi. Huzitandaza chini ya kazi anapopaka gundi, moja ikichafuka anatoa nyingine. Juzi nilipompelekea ripoti za mwaka huu, zilikuwa zimebaki chache. Alitoa moja iliyochafuka, na chini yake ikatokea picha: bawa, kofia, meno yote nje.

"Anacheka nini huyu?" Bi Gundi akasema.

Akachovya brashi, akaishika juu kidogo, gundi ikijikusanya nchani. Kisha akaiweka brashi kando, akaichomoa picha kwa kucha mbili na kuirudisha chini kabisa ya rundo, ambako, nimegundua, hurudi kila inapofika juu.