Aliyetajwa na Mwangangi

Mwangangi alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa karibu na soko la Machakos, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria upande mmoja na maporomoko ya maji upande mwingine, ili mteja achague kama anasafiri au anapumzika. Watu wa kitambulisho, maharusi, watoto wa kipaimara, wote walipitia pale. Lakini moyo wake haukuwa kwenye kamera. Ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Popote palipokuwa na mchezo, iwe ukumbi wa mjini au darasa la kanisa kule Katangi, Mwangangi alikaa kiti cha mbele, kofia yake ya kijani kichwani, na palipofaa kulia alilia.

Miaka hiyo, karne ikielekea kugeuka, vikundi vya maigizo vilijaa wilaya nzima. Kila shirika lililotaka watu wachimbe vyoo au wakapime damu lilianzisha kikundi chake. Ndipo kampuni moja ya sabuni ikaanzisha Tuzo za Swala. Mshindi alipewa swala wa mti aliyechongwa kule Wamunyu kwa wachongaji, lakini kabla ya ushindi kulikuwa na uteuzi: kamati ya waamuzi ilitangaza majina ya wale watakaowania. Hapo ndipo watu walipopagawa. Kushinda ni bahati, walisema, ila kuteuliwa ni heshima. Aliyeteuliwa aliitwa Mteule mpaka sokoni, na wauza mboga wakamwongezea kitunguu.

Gatimu, mhariri wa gazeti dogo la kila wiki lililoitwa *Sauti ya Iveti*, alikuja studioni siku moja kupigwa picha ya pasipoti. Mwangangi, huku akimnyoosha kidevu, alimweleza nani atateuliwa mwaka ule na kwa nini, kwa hisia nyingi hata Gatimu akasahau kufunga mdomo. Gatimu aliondoka na picha ya mtu aliyeachama, na Mwangangi akabaki na safu gazetini.

Safu iliitwa "Kabla ya Pazia". Mwaka wa kwanza alitabiri majina katika kila kipengele. Hakuteuliwa hata mmoja. Watu walisema ni ugeni. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Kipengele cha mwigizaji mkongwe kilikuwa na nafasi nne na wazee wanne tu waliofaa, na Mwangangi, bila hila yoyote, akawataja wote wanne. Kamati ikafuta kipengele.

Mji ukazinduka. Wa kwanza kuja alikuwa Mutiso, ambaye kwa sababu ya tumbo lake aliigiza chifu katika kila mchezo. Aliingia studioni na jogoo kwapani.

"Mzee, mimi sikuombi uniandike," alisema. "Nakuomba unisahau."

Mwangangi alimjibu kwamba yeye huandika anachokiamini, na alichokiamini ni kuwa hapakuwa na chifu mwingine wa jukwaani kama Mutiso Ukambani kote. Mutiso alitoka amejishika kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu. Jogoo alibaki. Baada yake wakaja wengine wakitaka si kusahauliwa tu, bali washindani wao wakumbukwe. Kikundi kimoja cha Yatta kilileta asali kikaomba mahasimu wake wasifiwe bila kubaniwa maneno. Mwangangi alikataa, akawasifu aliowapenda, na aliowapenda wakaanguka. Gazeti lilinunuliwa kuliko zamani. Watu walilisoma kama wanavyosoma matangazo ya vifo: wanaanza na majina, halafu wanashusha pumzi.

Waigizaji wakaona kwamba ikiwa mzee hanunuliki, basi asiwapende. Wakaanza kuigiza vibaya makusudi kila walipoiona ile kofia ya kijani. Mutiso alitoa hukumu ya shamba akiwa ameutazama ukuta. Huko Kathiani mfiwa alicheka kaburini na marehemu akainuka kuomba maji. Mwangangi alitoka kwenda chooni, na akiwa huko alisikia makofi na vigelegele vya ukumbi mzima. Aliporudi, wote walikuwa wamesimama kama wanaosubiri zamu kliniki.

Aliandika safu ya majonzi akasema sanaa imekufa Ukambani. Mke wake Kavutha, ambaye hakuwahi kumaliza mchezo wowote bila kusinzia, aliisoma mara moja, akaendelea kuchambua maharagwe yake na kusema huenda msiba huo si mkubwa sana kama anavyodhani.

Aliyemfumbua macho ni Wagaki. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, kwenye eneo la viwanda la EPZ, na kila wiki aliandika safu katika kigazeti cha wafanyakazi. Safu yake haikutabiri wateule. Ilitabiri Mwangangi atamtabiri nani, na haikuwahi kukosea. Jumapili moja alikuja studioni kupigwa picha, akakaa kwenye stuli mbele ya ile ndege, akamwambia taratibu, kama mtu anayempasha mgonjwa habari zake.

"Mzee, sanaa haijafa. Ni wewe ukitoka ndio mchezo unaanza."

Mwangangi alimwomba ainue kidevu kidogo, akampiga picha. Picha ilitoka na mabega bila kichwa.

Wiki hiyo hakula vizuri. Kisha akasikia kuna mchezo Wamunyu uitwao *Mahindi ya Njano*, akaamua atauona, na atauona kama wengine wanavyouona. Mlangoni alikuta vijana wa kikundi wameshika picha yake mwenyewe, ile aliyojipiga na kuibandika dirishani mwa studio, wakimlinganisha nayo kila mzee aliyeingia. Bahati nzuri wachongaji walikuwa wakiingiza vinyago vya kupamba ukumbi. Mmoja wao, aliyepigwa picha za harusi na Mwangangi, alimpa twiga wa mti mrefu kuliko mtu ambebe mwisho wa mstari. Mwangangi aliingia nyuma ya twiga, akamsimamisha pembeni ya ukumbi, akabaki hapo hapo.

Mchezo ulihusu mjane anayepanga foleni ya mahindi ya msaada. Kila linapoitwa jina la marehemu mumewe, mjane anaitika kwa niaba yake, si kwa tamaa ya mahindi, bali kwa sababu siku watakapoacha kumwita ndipo atakuwa amekufa kabisa. Mjane aliigizwa na Munyiva, mwalimu wa nasari. Alikuwa na namna ya kuitika "Niko" ambayo ilimfanya kila mtu ukumbini atazame kiti kilicho karibu naye. Mwangangi alilia hata twiga akatikisika, na waliokaa nyuma wakasikia mnyama wa mti akipiga kwikwi.

Ndipo kofia ikaonekana juu ya mgongo wa twiga. Mutiso, aliyekuwa chifu katika mchezo huu pia, akageukia ukuta palepale. Waliokuwa kwenye foleni ya mahindi wakaanza kugongana na kusahau maneno. Munyiva pia aliiona kofia. Alitulia kidogo, akaivuta leso yake, na jina lilipoitwa tena akaitika vilevile, kwa sauti ileile, mpaka mwisho.

Mwangangi alirudi nyumbani akiwa na furaha na hofu pamoja. Kavutha alimwambia kama anampenda yule mwalimu, asimguse kwa kalamu yake. Kwa mara ya kwanza mzee akafikiria kuandika uongo. Alikuwa bado anawaza hayo, Munyiva mwenyewe akafika studioni. Mzee alidhani amekuja kuomba asitajwe, akaanza kumwahidi kabla hajaketi. Munyiva akamkatiza kwa heshima.

"Niandike, mzee. Nilikuona, na nikaigiza."

"Nikikuandika utaanguka."

"Basi nianguke mtu akiwa amesema nilifanya vizuri."

Akaandika safu nzima juu yake, jina moja tu. Gazeti lilipotoka, mji ulimwombolezea Munyiva. Kina mama wa kanisa walimpelekea unga na sukari, na mwalimu mkuu akampa ruhusa ya siku mbili. Waigizaji wengine wote, kwa kuwa hawakutajwa, walijua wameteuliwa. Mutiso alichinja mbuzi.

Siku ya uteuzi mwenyekiti wa kamati alisoma jina la Munyiva. Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akadhani kipaza sauti kimeharibika, akalisoma tena. Munyiva, akiwa amekaa nyuma na mfuko wa sukari aliyopewa ya pole, akaitika, "Niko."

Mutiso hakuteuliwa. Alikuja studioni kudai jogoo wake, akaambiwa aliliwa zamani, akapewa sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuimaliza kwa hasira. Gatimu naye alikuja na habari mbaya. Wasomaji wamelalamika, alisema. Mtu anayekosea kila mara anafaa, na anayepatia kila mara anafaa, lakini huyu sasa hawajui wamfanyie nini. Safu ikapewa Wagaki. Yeye akawa anapatia na kukosea kama mtu yeyote, na hakuna aliyemletea asali. Munyiva hakushinda. Swala alikwenda kwa kijana wa Masii aliyeigiza mbuzi.

Mwaka uliofuata mwamuzi mmoja alihamishwa kikazi kwenda Kitui, na kamati ikaja studioni kutafuta wa kumrithi. Mwangangi alisimama, akavaa koti. Walimwomba samahani, wakasema wamemjia mama, kwa kuwa wametafuta mji mzima na yeye peke yake ndiye asiye na maoni.

Kavutha alikubali. Cha ajabu, toka siku ile hakusinzia tena. Alikwenda Wamunyu, Kangundo, Masii, akarudi na vumbi miguuni na mdomo umefungwa. Mwamuzi huapa kutotoa siri, na kiapo ni kiapo, alimwambia mumewe. Mwangangi akawa anakaa mezani jioni akimtazama usoni, akitaja jina moja kisha jingine, polepole, kama anayepapasa ukuta gizani.

"Yule dada wa Kangundo, aliyeigiza mkunga?" aliuliza siku moja.

"Kula, Baba Nthambi," Kavutha alisema, akamsogezea chumvi.

Akaitazama ile chumvi kwa muda mrefu, asijue kama ni ndiyo au ni la.