Nta Kwenye Zeze la Baba

Juzi tulibomoa jiko la zamani kule kwetu, karibu na Siakago, na darini tukapata zeze la baba. Mjukuu wangu akavuta waya. "Cucu, mbona inalia kama mbuzi amefungwa mdomo?" Nikamwambia aliweke chini. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Hilo zeze la waya mmoja sisi tunaliita wandindi. Waya unapita juu ya kijiti, na hapo baba alikuwa amebana kipande cha bati la kopo la ugoro, kimelegea makusudi. Akicheza, bati linavuma kama mzinga umejaa. Baba alikuwa mtu wa nyuki, alitaka livume. Jioni mimi nachambua ndengu, yeye yuko mlangoni anavumisha, na mama akisonga ugali anasema, "Mzinga ukinyamaza, nyuki wamehama."

Halafu mama akaugua, akalala wiki nyingi. Shangazi akaja kumuuguza, mwanamke wa mdomo huyo. Akamwambia baba, "Wewe, unamlilia mtu na bado anakunywa uji? Nyamazisha hiyo kitu apumzike!" Baba hakuwa wa kubishana na dada yake. Akanituma nta, akaniambia niiingize chini ya bati, maana vidole vyangu vilikuwa vidogo. Nikaweka kidogo. "Bado," shangazi akasema. Nikaongeza, nikashindilia na kidole gumba mpaka bati likafa kabisa. Baba akaendelea kucheza pale pale mlangoni. Ukiwa hatua tatu tu, husikii kitu.

Mama akaniita kitandani, nyuma ya pazia la gunia. "Baba yako ako wapi? Nyuki wamehama?"

Shangazi alikuwa amesimama hapo na kikombe cha uji, ananiangalia. Nikaogopa kusema ni sisi tumeziba. Nikasema, "Ametoka kidogo."

"Haya," mama akasema, akageukia ukuta. Kabla mbuzi hawajarudi nyumbani, alikuwa ameshatuacha.

Baba hakuligusa tena. Siku hizi migunga imeisha kwa makaa, mizinga imeoza, na kwetu hakuna anayejua kulicheza. Leo nimeitoa ile nta kwa mwiba. Bado ilikuwa na alama ya kidole changu, ndogo kama punje ya hindi. Nikavuta waya, bati likavuma.

Nimezika watu wengi, si mtu wa kulialia. Lakini baba alikuwa mlangoni. Hatua tano kutoka kitandani. Na mimi nikasema ametoka.