Mkono Unaomfuata Mwenzake

Baba alikuwa polisi, nasi tulikulia katika kambi ya polisi, ambako watu wa kila kabila walielewana kwa Kiswahili. Nilipoanza shule, aligundua kwamba mkono wangu wa kulia ukishika kalamu, wa kushoto nao unaandika hewani. Nikifunga kifungo, vidole vya upande wa pili vinafanya vivyo hivyo. Baba hakuniuliza kitu. Kila jioni, kabla sijafungua daftari, aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye kiti kwa mkanda wake wa kazi. Alisema nitazoea. Sikuzoea. Nilijifunza kuukalia tu.

Nikakua, nikaoa, nikahamia mtaa wa Ntinda, jijini. Binti yangu alipofika darasa la pili, mwalimu wake aliniita akalalamika kwamba mtoto anawachezea wenzake kwa mkono wakati wa kuandika, na akionywa hasikii. Nyumbani nilimpa penseli. Vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea juu ya meza.

Mimi na mke wangu tukampeleka kwa daktari wa ubongo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimpa mtoto shanga azitunge, akaitazama mikono yake, kisha akataka kuiona yangu. Akatueleza kwamba mtoto akiwa tumboni, neva zinazoendesha mikono huota kutoka kwenye ubongo zikishuka, na nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Njia hazijui. Jeni ndizo zinazoagiza ziwekwe alama za kuzivuta hapa na kuzizuia pale, mpaka zifike zinapotakiwa. Alidhani kwetu jeni moja ina kosa dogo, baadhi ya neva hazikuvuka, na ndiyo maana amri ya mkono mmoja inafika kwa yote miwili. Damu ilipopimwa, ikawa hivyo. Dawa hakuna, alisema, ila akili ya mtoto haina kasoro.

Kisha akaniuliza, "Kati ya wazazi wako, nani yuko hivi?"

Nilitaka kujibu hakuna. Nikamkumbuka baba akitia saini karatasi, mkono wa kushoto uko mfukoni. Siku zote uko mfukoni.

Jumapili nilimfuata baba mtaa wa Bugolobi, anakoishi tangu astaafu, nikamweleza yote polepole. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza, aliweka mikono yote miwili magotini, akakunja vidole vya kulia. Vya kushoto vikakunjika.

"Mimi nilijua," alisema. "Mkubwa wangu alinitoa kwa mambo ya bunduki, akasema niko na mashetani. Nilitaka wewe watu wasikuone."

Nilingoja aombe radhi. Hakuomba. Niliondoka chai yangu ikiwa haijaguswa, na hasira ya miaka thelathini kifuani.

Siku mbili baadaye mwalimu alinipigia simu. Mzee mmoja aliyevaa suti alikuwa amefika shuleni peke yake, akajitambulisha kuwa ni babu wa mtoto, akaomba kalamu na karatasi. Aliandika jina lake mbele ya mwalimu, mikono yote miwili ikiwa mezani, akamwambia, "Huyu mtoto hachezi. Hata mimi sichezi." Mwalimu aliniomba msamaha.

Nilimpigia baba. Tuliongea habari za mvua na za goti lake linalomsumbua. Kabla hajakata, nikamwambia asante. Akauliza mtoto atafunga shule lini, aende akakae kwake.