Pazia la Bomani

Juzi, kwenye shule moja hapa Makambako, niliona kibanda cha kupigia kura kimezibwa kwa kitambaa cha zambarau, na wivu wangu wa zamani ukanirudia.

Nilipokuwa mdogo, enzi za mkoloni, kila Jumamosi baba, aliyekuwa mwalimu wa misheni, alikwenda kuungama. Alipiga magoti nyuma ya pazia la zambarau, akamnong'oneza padri Mzungu kwa muda mrefu, nami nikabaki kwenye benchi nikinusa nta ya mishumaa. Nyumbani hakuwa msemaji. Nilimchukia padri kwa kuwa alipewa maneno yote, sisi tukabakiziwa "leteni maji."

Siku ya kura baba alinichukua hadi bomani Njombe. Manyunyu yalikuwa yameloanisha makoti ya watu, yakanuka moshi wa kuni za miwati. Baba akaingia nyuma ya pazia. Nilijua kabisa kwamba ndani kuna Mzungu mwingine anayesikiliza.

Alipotoka nikamuuliza, "Umemwambia dhambi gani?"

"Mle hamna mtu, mwanangu. Nimeweka alama tu."

"Padri utamwambia Jumamosi?"

Alinishika mkono, tukaanza kurudi. "Ameshaniuliza nitamchagua nani. Nimemwambia kura si dhambi, haiungamwi."

Leo najua jibu lile lingeweza kumtoa kazini. Siku ile sikuwaza kazi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha moja tu, kwamba padri naye alikuwa amenyimwa, kama mimi.