Kiroboto Asiyeshiba
Mpimaji wa viroboto akiinamia hadubini hubana pumzi, asije akawapeperusha. Huwageuza kwa ncha ya sindano, akinong'ona, "Tulia, mwanangu, nione koo." Wa paka hawamsumbui sana. Anayemtia hofu ni wa panya, ambaye bakteria wa tauni wakimziba koo hashibi tena, huuma huku na huku akitapika ugonjwa kila anapouma. Asubuhi moja aliona doa jeusi kooni mwa mmoja, akageuka kumwita mwenzake. Aliporudisha jicho, kisahani kilikuwa kitupu.

"Amekutoroka, dada!" mwenzake alicheka.

Mpimaji alikuwa akitazama mkono wake, pale glavu inapoishia, vipele vitatu vikivimba kwa mstari.

"Toka, kaka, ufunge mlango," alisema bila kupandisha sauti. "Kisha niitie daktari."