Mkono wa Nyaya za Breki

Tangu Mshonaji aanguke ngazini na kuvunjika shingo, alikubali mengi. Alikubali kuogeshwa. Alikubali kugeuzwa ubavu asipate vidonda, na hata alitania kwamba siku hizi anageuzwa kama nguo inayopigwa pasi. Kichwa chake kilikuwa bado chake, na ulimi ndio kabisa. Ila kitu kimoja kilimshinda kukubali, nacho ni kulishwa.

Mlishaji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyepanga chumba cha pili kwenye ukumbi uleule. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Asubuhi alikuja, mchana alikuja, hakusahau hata mara moja. Lakini alilisha kama anayejaza gunia: kijiko hiki hakijamezwa, kingine kipo mlangoni.

"Haya, wifi, fungua. Meza basi, nguo zangu zinalowa huko."

Uji ukichuruzika kidevuni, aliukwangua kwa kijiko kilekile na kuurudisha mdomoni. Kwa mtoto mchanga hakuna neno. Mshonaji alikuwa mwanamke aliyewahi kuwashonea maharusi wa nusu ya mtaa, akawaamuru wasimame wima na wavute pumzi ndani, nao wakatii. Sasa alimeza tu, maana njaa haina heshima ya mtu.

Mumewe wakimwita Breki. Alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha bati pembeni mwa barabara, na kwa waya wa breki hakuwa na mpinzani. Jina lilimkaa kwa sababu ya pili pia: kila alichofanya alikifanya polepole. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake alizaliwa breki zikiwa zimekamata.

Jioni moja alirudi akamkuta analia. Kulia bila mikono ni mateso ya peke yake. Machozi yalikuwa yamemwingia masikioni na hakukuwa na wa kuyafuta.

"Dada kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Kanilisha." Kisha akasema, "Mume wangu, wewe unaminya kidole huku mbele, gurudumu la nyuma linasimama kule. Kijiko ndicho kitakushinda?"

Breki alimfuta masikio, akaenda kukaa mlangoni, na kesho yake alirudi nyumbani na mota iliyochopolewa kwenye waipa za gari bovu.

Mkono aliutengeneza kwa mbao nyepesi na kuufunga kwenye meza kando ya kitanda. Ulikuwa na bawaba begani na nyingine kwenye kiwiko, na kijiko mwishoni badala ya kiganja. Mota aliiweka chini ya meza, kwa kuwa uzito ukikaa kwenye kiwiko mkono hauinuki. Nguvu ilipanda kwa waya, kama ilivyo kwenye baiskeli. Kidevuni kwa mkewe alitega swichi mbili za kengele ya mlango. Akibonyeza ya kushoto, mota inakunja waya na mkono unashuka kwenye bakuli. Akibonyeza ya kulia, mota inaachia waya polepole na springi inauinua mkono hadi mdomoni.

Hapo kwenye springi ndipo ufundi wake ulipomponza. Waya unajua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwenye breki anayerudisha ni springi, na waya ukikatika, springi inaliachia gurudumu na hakuna anayeumizwa na springi hiyo. Breki alikuwa amezeeka na springi za namna hiyo. Haikumjia hata siku moja kujiuliza: huu wa kwangu ukikatika, springi itakimbilia wapi?

Mara ya kwanza supu ilimwagika yote kifuani, kwa sababu kiwiko kikikunjwa kilivuta na waya wa pili, ule uliokishika kijiko kisiiname, nacho kikainama njiani. Mshonaji alicheka mpaka akakohoa. Ikabidi nyaya zote zipitishwe juu ya kiwiko kwa kapi, vigurudumu vidogo vinavyozunguka vyenyewe. Breki alitaka kuchonga vipana.

"Weka vile vya mbao vya uzi wangu," mkewe akasema. "Vimejaa tele kwenye droo ya cherehani."

"Ni vyembamba hivyo. Waya hautaki kukunjwa kona kali."

"Vimelisha uzi maisha yangu yote. Navyo vinilishe mimi."

Mteja angemletea Breki waya uliokunjwa namna ile, angemfukuza kibandani kwa matusi. Lakini alimtazama mkewe, akaona uso ambao hakuuona tangu ile siku ya ngazi, akavitia vigurudumu vya uzi. Mapenzi nayo hupotosha mafundi.

Mchana wa kwanza Mshonaji alipokula peke yake, bakuli zima, wifi alisimama mlangoni na kijiko chake mkononi asijue akipeleke wapi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema hatimaye, "kumbe kinalisha."

"Karibu, wifi, ukae," Mshonaji akajibu kwa sauti ya bibi mwenye nyumba. "Kaa tuzungumze. Leo sina haja ya kushikiwa."

Zilikuwa wiki nzuri. Breki alikwenda kazini bila kokoto moyoni. Mkewe alinenepa mashavu, akaanza tena kuwasengenya wateja wake wa zamani waliojishonea ovyo.

Kisha mchana mmoja dada yake Breki alikuja mbio mpaka kibandani, bila viatu. Breki aliacha baiskeli ya watu kichwa chini, akakimbia. Waya mkuu ulikuwa umekatika kwenye kiwiko wakati mkono uko chini kwenye bakuli, na springi ikaurusha juu kwa nguvu zote. Kijiko hakikwenda mdomoni. Hospitali waliliosha jicho la kushoto, wakalichunguza, na mwisho wakalitoa.

Breki alimrudisha mkewe nyumbani na bendeji kubwa usoni. Alipopata nguvu ya kuutazama ule mkono, aliuchukua ule waya akaushika kwenye mwanga wa dirisha. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Nyuzi chache tu zilikuwa zinang'aa, zimekatika siku ileile. Nyingine zote zilikuwa nyeusi kwenye ncha. Zilikatika zamani, mmojammoja, na kila mmoja ulipokatika ulichomoza nje kama unywele. Mtu aliyelala pale akiutazama mkono kutwa nzima asingekosa kuona.

Akageuka.

"Uliona?"

Mshonaji alimtazama kwa jicho lililobaki. "Niliona."

"Toka lini?"

"Toka unywele wa kwanza. Nilikuwa nazihesabu kama mvi."

"Na hukuniambia! Mke wangu, hukuniambia!"

"Ningekuambia ungeufungua. Wewe na mwendo wako ule, ungeufungua ukakaa nao siku ngapi? Nami ningerudi kwenye kijiko cha dada yako." Akafumba jicho. "Nilidhani utahimili."

Breki alitoka nje akaegemea ukuta akalia, mwanaume mzima, watu wakipita. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimkasirikia mkewe, akajikasirikia yeye, akavikasirikia vile vigurudumu vya uzi. Kisha akaingia ndani akauvunja mkono wote vipande, akasema basi, imetosha.

Dada yake akarudi na uji. Mshonaji akafunga mdomo. Wifi alibembeleza, akagomba, akaapa, akabembeleza tena, meno hayakuachana. Maji aliyakubali, kwa kuwa aliyavuta mwenyewe kwa mrija uliofungwa kwenye kitanda.

"Utakufa, wifi!"

"Nitakufa na tai yangu shingoni."

Jioni Breki akachukua bakuli mwenyewe. Aliupoza uji, akachota kidogo kwa adabu, akakileta kijiko taratibu kama anayemsogelea ndege. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Hata wangu?" akauliza. "Hata mkono wangu mimi?"

"Mkono ni mkono, mume wangu."

Neno hilo lilimkata kuliko yote. Miaka yote ile alijidhania kwamba yeye ni kitu kingine.

Asubuhi hakwenda kibandani. Alianza upya, na safari hii alitia akili. Vigurudumu alivichonga vipana kama visahani, waya upite kwa kona ya upole. Springi aliitupa. Aliweka waya mmoja wa kupandisha na mwingine wa kushusha, zinapokezana, ili wa kupandisha ukikatika mkono uangukie mezani kwa uzito wake, mbali na uso. Kila kiungo alikiuliza lile swali ambalo hakuliuliza mwanzo.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilokwepeka. Waya mpya hunyooka na kurefuka ukianza kazi, na ukinyooka hulegea, ukilegea huruka nje ya gurudumu. Dawa yake ni kuuning'iniza na jiwe zito siku kadhaa kabla ya kuufunga. Breki aliuning'iniza kwenye mti wa paa, jiwe likakaa hewani katikati ya chumba, na mkewe chini yake akizidi kukonda. Midomo ilianza kupasuka. Alipozungumza ilibidi Breki ainame amsikie.

"Utaumaliza umfungie maiti?" dada yake akamnong'oneza ukumbini.

Haraka haraka haina baraka, alijua. Hilo ndilo alilowaambia wateja kila siku. Ila taratibu nayo ina makaburi yake. Alitazama jiwe, akamtazama mkewe, akalishusha jiwe kabla ya wakati wake. Alifunga waya ule akijua haujanyooka sawasawa.

Bakuli likawekwa. Swichi zikawekwa kidevuni. Breki akasimama kando ya meza, mkono wake mwenyewe umekaa tayari hewani, kati ya kijiko na lile jicho moja.

"Toka nje," Mshonaji akasema.

"Nasimama tu. Siugusi."

"Ukisimama hapo unanilisha wewe. Toka, mume wangu."

Akatoka, akarudishia mlango. Ndani mota ikaguna, kijiko kikagonga bakuli. Kisha kimya, kile kimya cha kijiko kikiwa njiani, na Breki akafumba macho mpaka aliposikia kinashuka tena. Dada yake akatokea chumbani kwake, akaegemea ukuta upande wa pili wa mlango, naye akatega sikio. Bakuli likaisha salama siku ile.

Mpaka leo ndivyo wanavyokula katika nyumba ile. Mshonaji anakula ndani peke yake, na wao wawili wamesimama ukumbini wanasikiliza, chakula chao wenyewe kinapoa.