Sambaza Bado Yuko Kituo cha Tatu

Jana asubuhi fundi wa rangi alinipigia simu kutoka nyumbani kwa bibi, Gisenyi, mpakani na Kongo. Bibi tumeshamzika, nyumba inatafutiwa mpangaji, na fundi alikuwa amefika kwenye stoo ya nyuma. "Dada, ukuta huu umeandikwa kwa makaa toka chini mpaka dirishani," akasema. "Hawa Mandazi, Kasisi, Sambaza ni akina nani?"

Ni wachezaji, nikamwambia. Nikakaa kitandani, yaliyobaki sikumweleza.

Wewe acha nikueleze. Mjomba wangu alijifunza besiboli shuleni, kwa mwalimu aliyewahi kuishi ng'ambo. Uwanja hatukuwa nao, maana huku kwetu pasipo na nyumba pana shamba. Kwa hiyo mjomba akachora uwanja kwenye sakafu ya stoo: alama ya nyumbani karibu na mlango, na vituo vitatu kuizunguka. Wachezaji walikuwa vizibo vya soda. Akachonga dadu mbili za mti. Dadu zikitoka vizuri, mchezaji alisogea kituo. Zikitoka vibaya, alitolewa. Shabaha yote ya mchezo ule ni hiyo tu: unaondoka nyumbani, unazunguka, unajaribu kurudi nyumbani.

Mjomba alipohamia Kigali alituachia ligi, mimi na ndugu yangu wa Goma, upande wa Kongo, mtoto wa mama mdogo. Kila likizo ilikuwa msimu mmoja. Ukutani tuliandika kila mzunguko uliokamilika, na nani alistaafu lini. Maana vizibo navyo vilizeeka: kutu ikishafika kwenye meno, mchezaji alipumzishwa, akazikwa kwenye mchanga mweusi chini ya mparachichi. Nililia siku ya kumzika Kasisi wangu, aliyekuwa na rekodi ya mizunguko mingi kuliko wote. Bibi alituangalia kutoka jikoni, akatikisa kichwa. "Kwanza viazi, halafu wazimu wenu," alizoea kusema, na hatukugusa dadu kabla ya kumenya sufuria nzima ya viazi vya Bugeshi vilivyokuja na udongo wao. Hadi leo harufu ya udongo ule, pamoja na vitunguu na samaki wadogo wanaokaangwa, kwangu ni harufu ya mwanzo wa mechi.

Mama mdogo alikuwa akivuka petite barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka, kila siku, anakuja na vitenge, anarudi na mboga. Wakati wa likizo alimleta mwanawe asubuhi na kumchukua kabla mpaka haujafungwa. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, yule.

"Yaya, muchezaji yako anatembea kama muzee anatoka misa," alinitania. Yaya kwao ni dada mkubwa.

"Na wako anakimbia kama mwizi wa kuku."

"Bon, lakini anafika!"

Kweli alifika. Sambaza, kizibo chake cha rangi ya chungwa alichokipa jina la wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa amemfikia Kasisi. Ulibaki mzunguko mmoja tu aivunje rekodi. Siku ile tulikuwa tunasikia mizinga upande wa pili, mbali bado, kama mtu anayeburuta meza ghorofani. Sambaza alikuwa amefika kituo cha tatu, na ndugu yangu amekwisha kushika dadu, mama mdogo alipoingia na kumshika mkono. Watu walikuwa wanasema mpaka utafungwa mapema.

"Yaya, usimuguse," akaniambia akivutwa mlangoni. "Kesho nitakuya kumuingiza kwabo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya ligi: mchezaji wa mtu haguswi na mwingine.

Vita viliingia Goma kabla ya kesho hiyo. Watu walikimbia usiku kucha, na katika msongamano mkono wa ndugu yangu ukatoka katika mkono wa mama yake. Mama mdogo alimtafuta makambini, makanisani, hospitalini. Hakuna aliyemwona, akiwa hai wala maiti.

Mpaka ulipofunguliwa mama mdogo alikuja kwa bibi bila kitenge hata kimoja. Alinyoosha moja kwa moja hadi stoo. Nilikuwa nimefagia sakafu yote ila pale alipokuwa Sambaza.

"Njo huyu wake?" akauliza.

"Ndiye."

"Na kwabo ni wapi?"

Nikamwonyesha alama ya nyumbani, pale mlangoni. Ilikuwa karibu kiasi cha mkono kuifikia.

"Inabaki nini ili afike?"

"Dadu tu, mama mdogo. Zikitoka vizuri anaingia."

"Na zikitoka mubaya?"

"Anatolewa."

Nikampa dadu. Nilitaka azitupe, nilitaka sana. Akili yangu ya kitoto ilikuwa imefunga mkataba na Mungu: Sambaza akiingia, ndugu yangu naye ataingia. Mama mdogo alizishika muda mrefu kiganjani, akizipima kama anayepima chumvi. Kisha akazifunga kwenye pindo la kitenge alichovaa, fundo gumu.

"Acha abakiye pale," akasema. "Pale angali iko muzima."

Akatoka.

Ligi iliishia hapo. Mama mdogo bado anavuka mpaka, amezeeka, na vitenge anabadilisha, lakini kila ninapokutana naye fundo liko pale pale pindoni. Sijawahi kumuuliza habari yake. Ndugu yangu sasa angekuwa na ndevu. Mpaka umefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na mparachichi ulikatwa pamoja na makaburi yote yaliyokuwa chini yake.

Jana nilimwambia fundi apake ukuta wote, rekodi zifutike.

"Na hiki kizibo?" akauliza. "Kutu imekishikisha kwenye saruji. Nikibandue?"

Nikamwambia asikiguse.

Akacheka. "Sasa dada, mpangaji ataishije na kizibo katikati ya sakafu?"

"Atakiruka," nikasema. "Sisi tumekiruka miaka yote hii."